Kujitambulisha na Kutambuliwa: Historia ya Istilahi za Utambulisho katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maneno ya utambulisho katika mpaka wa Kenya na Uganda, hususan Busia na Malaba iliyo katika wilaya ya Tororo, kuanzia kipande cha enzi ya ukoloni hadi alama za vidole zinazosomwa na mashine na lakiri za kielektroniki zinazofungwa kwenye makontena. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko ya teknolojia yameambatana na mabadiliko ya kauli ya kitenzi: mtu aliyekuwa akijitambulisha sasa anatambuliwa, na mzigo uliokuwa ukikaguliwa kituoni sasa unafuatiliwa njia nzima. Istilahi za Kiswahili zinazotumika kwa sasa hazitenganishi hatua hizo, ilhali sheria za ulinzi wa data zilizotungwa Kenya na Uganda mwaka 2019 zinajengwa juu ya ridhaa ya mtu anayeelewa anachokiridhia. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza istilahi chache za msingi na njia ya kuzieneza.

1.0 Utangulizi

Mpaka unaopita kati ya Busia na Busia ni mchanga kuliko jamii zinazoishi kandokando yake. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, eneo lote linaloitwa leo Magharibi ya Kenya lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo jimbo hilo lilihamishiwa utawala wa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya, na mstari wa mpaka ukafafanuliwa upya kwa amri ya kifalme ya mwaka 1926. Wasamia na Iteso walijikuta pande zote mbili bila kuhama hata hatua moja. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya Tororo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1997. Malaba, inakopita reli ya kutoka Mombasa kwenda Kampala, imebaki Tororo.

Mahali kama hapa swali la "wewe ni nani?" huulizwa kila siku, na wanaoliuliza hubadilika pamoja na serikali. Ndiyo maana mpaka huu unafaa sana kuchunguzwa na mwanaistilahi. Tena una sifa nyingine: umekwisha kulipatia eneo zima la Afrika Mashariki neno moja maarufu. Neno "bodaboda" linaelezwa kuwa lilianza hapa katika miaka ya 1960, pale waendesha baiskeli walipobeba abiria katika nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya mpaka wakinadi safari ya "boda kwa boda". Hakuna baraza lililolipitisha neno hilo. Lilitoholewa na watu wa kazi, likafuata baiskeli, kisha pikipiki, hadi likaingia katika kamusi na katika sheria za usafiri. Historia hiyo inakumbusha kwamba istilahi hudumu inapotaja jambo ambalo mtumiaji analiona likitendeka.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, maneno ya Kiswahili yanayotumika kutaja teknolojia za utambulisho yanamwonyesha msemaji kinachotendeka anapoweka kidole kwenye kioo cha mashine au anapopita na mzigo uliofungwa lakiri?

2.0 Kipande na tikiti

Utambulisho wa kisasa wa serikali katika eneo hili ulianza na alama ya kidole, si na picha. Mbinu yenyewe ilitoka mbali. William Herschel, mtumishi wa utawala wa Waingereza huko Bengal, alianza kutumia alama za mkono katika mikataba mwaka 1858. Francis Galton alichapisha kitabu chake kuhusu alama za vidole mwaka 1892. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897 chini ya Edward Henry, ambaye mfumo wake wa uainishaji ulitegemea sana kazi ya maofisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Polisi wa London wakauchukua mwaka 1901. Hivyo mbinu iliyokuja kufahamika Ulaya kama chombo cha kupambana na uhalifu ilikuwa imejaribiwa kwanza katika koloni kama chombo cha kutawala watu wengi ambao mtawala hakuweza kuwatofautisha.

Kenya iliitumia kwa lengo hilohilo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi na mshahara wake. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kutoibeba lilikuwa kosa la jinai. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyobebwa na Harry Thuku na wenzake mwaka 1921 na 1922, na kiliondolewa katika sura yake ya kibaguzi kwa sheria mpya ya usajili wa watu ya mwaka 1947.

Jina lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini. "Kipande" ni sehemu ndogo iliyokatwa kutoka kitu kizima. Halina mzizi wa kutambua wala kujulisha. Linataja kitu kwa umbo lake tu, na kitenzi kinachoandamana nacho ni "kubeba" au "kuvaa". Aliyebeba kipande hakujitambulisha kwa yeyote. Alibeba kumbukumbu ambayo wengine waliiandika na wengine waliisoma. Neno limeishi kuliko sheria iliyolizaa: hata leo Wakenya wengi hukiita kitambulisho cha taifa "kipande", mara nyingi bila kukumbuka kibweta cha chuma.

Upande wa pili wa mpaka hali ilikuwa tofauti. Uganda haikuwavisha wanaume wote kipande cha aina hiyo. Kilichomtambulisha mwanamume mbele ya askari au karani kilikuwa tikiti ya kodi, kwanza ya kodi ya kichwa, baadaye ya kodi iliyopangwa kwa viwango vya kipato, ambayo ilisitishwa mwaka 2005. Tikiti ilithibitisha kwamba mbebaji amelipa, na kwa njia hiyo ikasema yeye ni wa wapi. Basi Msamia aliyekuwa na ndugu pande zote mbili aliishi katika misamiati miwili: huku aliulizwa kipande, kule aliulizwa tikiti. Pande zote mbili mwanamke hakuulizwa chochote, kwa kuwa hakuhesabiwa. Nchini Kenya usajili wa wanawake kwa ajili ya vitambulisho ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970.

3.0 Kitambulisho, barua na Ndaga Muntu

Baada ya uhuru, neno rasmi likawa "kitambulisho". Kisarufi, hili ni neno la aina nyingine kabisa. Kitenzi "tambua" kinapoingia katika kauli ya kutendesha hurejesha sauti /l/ iliyodondoka na kuwa "tambulisha", yaani kumfanya mtu atambulike. Kitambulisho ni chombo cha kitendo hicho, na anayekishika anaweza kusema "najitambulisha". Kiambishi kirejeshi "-ji-" kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja: mwenye kadi ndiye anayeitoa mfukoni, ndiye anayeamua lini na kwa nani.

Pasipokuwa na kadi, kulikuwa na barua. Barua ya chifu upande wa Kenya na barua ya mwenyekiti wa baraza la kijiji upande wa Uganda zilitumia kauli ya kutendwa yenye mtenda anayejulikana: fulani ametambulishwa na fulani. Palipokosekana hati, palikuwa na jirani wa kushuhudia. Ushahidi huo ungeweza kughushiwa au kununuliwa, lakini ulikuwa na mlango wa kubishia. Aliyekataliwa alimjua wa kumwendea.

Uganda ilipoanza usajili wa jumla mwaka 2014, kadi mpya ilinadiwa kwa jina la Kiganda, Ndaga Muntu, linalotokana na kitenzi cha kuonyesha: kinachomwonyesha mtu. Jina hilo lina ndugu yake nchini Rwanda, ambako kadi huitwa indangamuntu. Sheria ya usajili wa watu ya mwaka 2015 ikaunda mamlaka ya NIRA ya kuisimamia. Kuanzia Januari 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zimekwisha kukubaliana kwamba raia wao wavuke mipaka kwa vitambulisho vya taifa badala ya pasipoti. Hivyo katika dirisha moja la Busia "kitambulisho" na "Ndaga Muntu" vilianza kuwekwa juu ya meza moja.

Kenya nayo ilizindua usajili wa Huduma Namba mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaleta Maisha Namba. Majina haya yana maneno ya Kiswahili lakini mpangilio wake si wa Kiswahili. Kiswahili husema "namba ya huduma", kikitanguliza nomino kuu na kuieleza kwa kihusishi cha "-a" unganifu. "Huduma Namba" imefuata utaratibu wa Kiingereza. Tofauti na Ndaga Muntu, ambayo mkulima wa Kiganda anaweza kuifasiri mwenyewe, jina hili linapendeza sikio lakini halimwambii msemaji uhusiano uliopo kati ya namba hiyo na yeye. Mjadala wa mahakamani uliofuata, pamoja na uamuzi wa Mahakama Kuu wa Januari 2020 uliozuia ukusanyaji wa vinasaba na wa majira ya mahali mtu alipo, uliendeshwa kwa Kiingereza.

4.0 Alama za vidole: kutambua au kuthibitisha?

Istilahi "alama za vidole" ni miongoni mwa istilahi zilizofaulu zaidi. Inaeleweka na asiyesoma, na inalingana na desturi ya kutia dole gumba kwenye hati. Tanzania ilipoamuru laini za simu zisajiliwe upya mwaka 2019 na 2020, kampeni nzima iliendeshwa kwa maneno "usajili kwa alama za vidole", na hapakuwa na haja ya neno la kigeni. Kenya, kwa upande wake, ilianza kusajili wapiga kura kwa mashine kuelekea uchaguzi wa mwaka 2013, na magazeti ya Kiswahili yakatohoa "bayometriki". Maneno yote mawili yanahitajika: la kwanza ni aina, la pili ni jamii inayojumuisha pia uso, mboni na sauti.

Ugumu unaanza pale mashine inapofanya kazi. Kazi hiyo ina sura mbili. Katika sura ya kwanza mtu hudai kuwa fulani, na mashine hulinganisha kidole chake na kumbukumbu moja ya huyo fulani: mmoja kwa mmoja. Katika sura ya pili mtu hadai chochote. Mashine hukipeleka kidole chake katika hifadhi nzima na kutafuta anayefanana naye: mmoja kwa wote. Kiswahili cha ofisi na cha magazeti huita zote mbili "utambuzi" au "uhakiki" bila mpangilio. Kisheria, zimeachana mbali. Katika sura ya kwanza mtu bado anajitambulisha, na kidole kinaunga mkono dai lake. Katika sura ya pili anatambuliwa, hata akiwa kimya, hata akiwa hataki.

Kuna tatizo la pili. Mashine haihifadhi "alama" kwa maana ya picha tu. Hutafuta mahali mistari ya ngozi inapokoma au kugawanyika, huandika nafasi na mwelekeo wa sehemu hizo, na kulinganisha orodha hiyo na nyingine. Ulinganishaji huo haujibu "ndiyo" au "siyo". Hutoa alama ya ufanano, na mtu fulani amekwisha kuamua kiwango ambacho chini yake jibu litakuwa "siyo". Neno "alama" sasa linabeba mambo matatu: mchoro wa ngozi, muhtasari wake katika mashine, na kipimo cha ufanano. Anayeambiwa "alama zako zimekataa" hana njia ya kujua ni kipi kilichokataa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika eneo la Tororo na Busia. Jembe, uvuvi na kazi ya saruji na chokaa hulainisha na kufuta mistari ya vidole. Uzee hufanya vivyo hivyo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na mashirika mawili ya Uganda kwa ushirikiano na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York ilieleza jinsi masharti ya kitambulisho cha taifa yalivyowazuia wazee na wanawake wajawazito kupata ruzuku na matibabu, na kushindwa kusomeka kwa vidole kulikuwa miongoni mwa vikwazo vilivyotajwa. Mzee anayerudishwa nyumbani huambiwa kwamba kidole chake ni kibovu. Istilahi sahihi ingehamisha kosa kutoka mwilini mwake hadi kwenye mfumo: amekataliwa kimakosa.

5.0 Masafa ya redio: pasipoti, lebo na lakiri

Teknolojia ya pili haigusi mwili. Asili yake ni vifaa vya Vita vya Pili vya Dunia vilivyoiwezesha rada kutofautisha ndege za kirafiki na za adui. Mwaka 1948 Harry Stockman alichapisha makala kuhusu mawasiliano kwa nguvu inayoakisiwa: kifaa kisicho na betri kingeweza kujibu kwa kurudisha mawimbi kiliyopokea. Wazo hilo ndilo lililo ndani ya lebo ndogo za bidhaa na kadi za kugusa za leo. Kisomaji hutuma mawimbi. Chipu hupata nguvu kutoka kwa mawimbi hayohayo, kisha hutaja namba yake.

Katika mpaka huu teknolojia hiyo imeingia kwa njia ya pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017 na Uganda mwishoni mwa mwaka 2018. Chipu yake hufanya kazi kwa masafa ya megahezi 13.56 na husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu. Zaidi ya hayo, kisomaji hakifungui chipu kabla ya kusoma kwanza mistari iliyochapishwa ndani ya pasipoti, jambo linalodai mwenyewe aifungue na kuikabidhi. Hapa, basi, kitenzi bado ni "kuonyesha".

Lakiri za kielektroniki ni jambo jingine. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda zilianzisha mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwenye Ushoroba wa Kaskazini, ambamo kontena linalotoka Mombasa hufungwa kifaa chenye betri kinachopata mahali kilipo kwa setilaiti na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Kituo cha Utoaji Huduma kwa Pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta. Tangu hapo msafiri na mzigo husimama mara moja tu, upande wa nchi wanakoingia. Kusimama kukapungua, kufuatiliwa kukaongezeka.

"Lakiri" ni neno zuri la kale. Lilitaja nta ya kufungia barua na vifurushi, na forodha imelirithi. Madereva wengi husema "sili". Lakini lakiri ya nta ilikuwa shahidi bubu: ilionyesha tu, mwishoni mwa safari, kama kuna aliyeivunja. Lakiri ya kielektroniki husema wakati wote. Mnamo 2020, wakati wa janga la korona, foleni za malori zilipojaa Malaba na Busia, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa simu uliounganisha ufuatiliaji wa mzigo na ule wa dereva pamoja na matokeo ya vipimo vyake. Kitenzi kilichokuwa cha kontena kikahamia kwa mtu, na hapakuwa na istilahi ya Kiswahili iliyoweka alama mahali pa kuvuka.

6.0 Mapendekezo ya istilahi

Vigezo vya uundaji istilahi vilivyowekwa na Kibuuka Kiingi wa Uganda, maarufu kwa kifupi cha PEGITOSCA, vinatanguliza usahihi na iktisadi. Kwa kuzingatia hayo, istilahi zifuatazo zinafaa kujadiliwa.

Kwanza, "uthibitishaji" utumike kwa ulinganishaji wa mmoja kwa mmoja pekee, na "utambuzi" kwa ulinganishaji wa mmoja kwa wote. Maneno yote mawili yapo. Kinachotakiwa ni kuyagawia kazi.

Pili, "alama ya kidole" ibaki kwa mchoro wa ngozi. Kinachohifadhiwa na mashine kiitwe "muhtasari wa alama". Neno "kiolezo", lililozoeleka katika programu za kompyuta, lina maana ya kielelezo cha kunakilia, nalo linapotosha. Kipimo cha ulinganishaji kiitwe "kiwango cha ufanano", na makosa yake mawili yaitwe "kukataliwa kimakosa" na "kukubaliwa kimakosa".

Tatu, teknolojia ya redio iitwe "utambulisho kwa masafa ya redio", kwa kuwa kifaa ndicho kinachotaja namba yake. Kifaa chenyewe kiitwe "lebo ya redio", kwa sababu mfanyabiashara tayari anaijua lebo. Isiyo na betri iwe "lebo tegemezi", yenye betri iwe "lebo jitegemea". "Kitambulishi" kiepukwe: kimekaribiana mno na "kitambulisho".

Nne, "kusoma" na "kufuatilia" visibadilishane nafasi. Kusoma ni tukio la mahali pamoja. Kufuatilia ni mwenendo wa muda. Fomu au tangazo linalosema lakiri "itasomwa" hali itafuatiliwa siku nne halijasema kweli.

Mapendekezo haya yana msingi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya inaziweka taarifa za kibayometriki miongoni mwa data nyeti na inataka ridhaa iwe ya wazi, huru, mahususi na ya mtu aliyearifiwa. Uganda nayo ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa data na faragha mwaka huohuo wa 2019. Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Uganda ilikiingiza katika katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza lake la mawaziri likathibitisha hatua za utekelezaji mwaka 2022. Hata hivyo, nchini Uganda Kiswahili kilisikika kwa muda mrefu kama lugha ya jeshi na polisi. Mtu aliyezoea kusikia "leta kitambulisho" kama amri hawezi kuipokea kama mwaliko wa kuridhia kwa sababu tu fomu imetafsiriwa. Ridhaa inahitaji maneno yanayomwachia nafasi ya kuuliza.

7.0 Hitimisho

Mfululizo wa kipande, tikiti, kitambulisho, Ndaga Muntu, alama za vidole na lakiri hauonyeshi tu maendeleo ya vifaa. Unaonyesha jinsi uwezo wa kujitaja ulivyotolewa, ukarudishwa kwa sehemu, na sasa unahamishwa tena, safari hii bila kibweta cha chuma kuonekana shingoni. Kiswahili kina nyenzo ya kulieleza jambo hilo kwa usahihi ambao lugha nyingi hazina, kwa sababu mnyambuliko wake humtaja mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA na BAKIZA, pamoja na vyombo vya Kenya na Uganda vitakavyopewa jukumu hilo, vinaweza kuanza na jambo dogo linalotekelezeka: orodha ya istilahi zisizozidi 30, ijaribiwe kwanza na makarani, madereva, wachuuzi na wazee wa Busia na Malaba kabla ya kupitishwa, kisha ibandikwe kando ya kila mashine, ikionyesha kama mashine hiyo inathibitisha, inatambua, inasoma au inafuatilia. Vitenzi vinne vilivyoandikwa ukutani vingemwezesha anayenyosha kidole kujua anakinyoshea nini.